Rafu ya Wakristo walioteswa: duka la vitabu la kanisa jirani na soko la Majengo, Dodoma

Duka hili ni chumba kimoja tu, na sehemu kubwa yake imejaa Biblia, vitabu vya tenzi na mafundisho ya kipaimara. Kilichonisukuma kuandika ni rafu ya upande wa kushoto, yenye vijitabu vya Kiswahili kuhusu Wakristo walioteswa na serikali za kidikteta.

Cha kununua kwanza ni kile cha Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda. Mwandishi hakukimbilia kifo chake. Anaanza na usiku wa Februari 5, 1977, askari walipompekua nyumbani wakidai kutafuta silaha, kisha anaeleza jinsi maaskofu walivyomwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na watu kutoweka, hata msomaji anapofika Februari 16 anakuwa ameshaelewa kwa nini aliuawa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Nilikaa muda mrefu kwenye ukurasa wa Namirembe, kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala, ambako waumini kwa maelfu walisali kando ya kaburi lisilo na maiti, kwa kuwa askari walikuwa wameupeleka mwili kuzikwa kijijini kwao, Mucwini. Sisi ambao wazee wetu walipigana hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979 hatuwezi kuisoma habari hii kama ya watu wa mbali.

Kijitabu cha Eritrea hakifikii kiwango hicho. Kinaeleza vizuri amri ya mwaka 2002 iliyofunga makanisa yote isipokuwa ya Orthodox, Katoliki na Kilutheri, pamoja na waumini kufungiwa katika makontena ya chuma. Hata hivyo, Patriaki Antonios, mkuu wa Kanisa la Orthodox la Eritrea, amepewa mistari miwili tu, ilhali aliondolewa madarakani mwaka 2006 na kuwekwa kizuizini hadi alipofariki mwaka 2022, jambo linaloonyesha kwamba hata kanisa linalotambuliwa na serikali halikusalimika.

Mama muuzaji amevisoma vyote. Nilipomwamkia na kuomba ushauri, alijibu, "Marahaba mwanangu, anza na Luwum, huyo ni jirani yetu." Kasoro ni gundi: kurasa za katikati zinachomoka mapema, na kwa shilingi 5,000 mnunuzi anastahili kitabu kilichoshonwa. Nakala pia ni chache, hivyo vikundi vya kujifunza Biblia viagize mapema.