Nimebembea Montreal: uchambuzi wa bembea zinazopiga muziki

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni hii... Mmeisikia? Hiyo ni vibrafoni, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, na anayeipiga hajashika chombo chochote. Amekaa kwenye bembea, miguu inaning'inia.

Leo nawachambulia 21 Balançoires, yaani bembea 21, kazi ya Mouna Andraos na Melissa Mongiat wa studio ya Daily tous les jours. Zilifungwa mara ya kwanza mwaka 2011 jijini Montreal, Kanada, pale Promenade des Artistes, kwenye ukanda mwembamba wanakopita waenda kwa miguu. Upande mmoja kuna majumba ya muziki, upande wa pili majengo ya sayansi ya chuo kikuu. Zikawa zinarudi majira ya kuchipua, watu wakishachoshwa na baridi.

Ukianza kubembea, mwendo wako unatoa noti ya muziki. Ziko bembea za piano, za gitaa, za kinubi na za vibrafoni, na usiku viti vinawaka taa. Utasema, ah, mchezo wa watoto huo. Subiri kidogo. Ukiwa peke yako unapata noti chache tu. Jirani akishika mwendo wako, mkaenda na kurudi pamoja, ndipo inatoka melodi ambayo hakuna mmoja wenu angeweza kuitoa. Muziki wake ni wa Radwan Ghazi Moumneh, na aliyeshirikiana na akina Mouna na Melissa ni Luc-Alain Giraldeau, mtaalamu wa tabia za wanyama, mtu aliyechunguza namna wanyama wanavyotafuta chakula kwa makundi. Mimi naona mkono wake umo humo kabisa.

Sasa niwaambie kilichoninasa. Pembeni yangu alikaa binti wa miaka kama sita. Nikajua hatutalingana, mimi na kilo zangu hizi. Kumbe bembea haijali uzito! Muda wa kwenda na kurudi unategemea urefu kutoka inapofungwa hadi kitini, kwa hiyo zikiwa na urefu mmoja, mzee na mtoto wanakwenda karibu sawasawa, alimradi asiwepo anayejirusha juu mno. Kazi iliyobaki ni kuanza pamoja. Tulipishana mara tatu. Mara ya nne akakazia macho viatu vyangu, akangoja nirudi nyuma hadi mwisho, akajiachia. Noti ikaja, nyingine ikapanda juu yake, na bibi yake aliyesimama pembeni akapiga makofi. Mimi Kifaransa changu cha kuombea maji, na yule binti hakuwa na haja nacho.

Wa Unguja mnazijua bembea za sikukuu pale Kariakoo: unalipa, unapanda, unashuka, mwingine anaingia. Raha yake unaila mwenyewe. Hizi zinakudai umtazame usiyemjua.

Kasoro? Foleni ipo, na mwenye subira ndogo atashuka kabla hajasikia kitu cha maana. Halafu asiyeweza kukaa kwenye bembea anabaki msikilizaji, na hilo linaniuma, kwa sababu kazi yenyewe inahusu kushirikishana.

Kwangu mimi ni kumi kwa kumi, ukiacha kasoro hizo. Ukibahatika kuzikuta, usikimbilie ya pembeni kabisa. Chukua ya katikati, uwe na jirani huku na huku, na uangalie miguu yao.