Mrejesho: ofisi inayomshika mkono shahidi wa kawaida mbele ya baraza la wauguzi, Mwanza (nyota tatu)

Wakuu naleta mrejesho wa huduma ambayo hata mimi sikujua kama ipo mpaka yalipotukuta. Ni kaofisi ka wasaidizi wa kisheria hapa mjini, ghorofani juu ya duka la nyavu, jina siweki. Pamoja na kazi zao zingine za ndoa na viwanja, wanamsindikiza mtu akiitwa kutoa ushahidi kwenye baraza la taaluma, sio mahakamani, lile baraza linaloweza kumpa muuguzi onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari la usajili.

Shangazi alilazwa sehemu moja, dripu ikaisha usiku, tukaita na kuita, majibu tuliyopewa siyarudii hapa. Nikaandika malalamiko nikajua yameishia kwenye droo, miezi ikapita, siku niko soko la Mwaloni Kirumba nabageni dagaa simu inaita naambiwa wewe ni shahidi. Nilitetemeka jamani.

Pale ofisini nikampata mama mmoja wa makamo. Kitu cha kwanza: "Mwanangu, kesi sio yako, ni ya baraza. Wewe unaenda kusema ulichoona, basi." Kumbe mimi nilikua na fidia kichwani muda wote! Fidia ni mlango mwingine, unaenda mahakamani.

Akanisomesha maelezo yangu kwa sauti, mstari kwa mstari. Tukakuta yameandikwa "saa 2 usiku". Mimi nilisema saa nane usiku, aliyeandika kaitoa kwenye cheti kilichoandikwa 02:00 akaiacha hivyohivyo, na hiyo saa mbili ni zamu nyingine kabisa na muuguzi mwingine, yaani wakili wa yule dada tuliyemlalamikia angenimaliza kwa hicho tu. Mama akasema omba warekebishe kabla hujaanza kuongea. Akaniambia pia naweza kuomba maji, naweza kuomba swali lirudiwe kwa Kiswahili, na "sikumbuki" ni jibu halali. Hapo tu nampa nyota zote tano.

Siku yenyewe sasa. Tumekaa benchi moja kwenye korido, sisi huku, muuguzi na mumewe kule, nafasi ya mtu mmoja katikati. Yule muuguzi akampa shangazi shikamoo. Shangazi akaitikia marahaba. Mimi naangalia sakafu. Mama ndo akaenda kugombana na karani tukapewa chumba cha maboksi ya karatasi, sawa, ila hilo la vyumba si lilitakiwa kuulizwa wiki nzima kabla? Wenyewe walikiri hawakupiga hata simu.

Binamu yangu ni muuguzi Uingereza, anasema baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC, lina kitengo chake cha kusaidia wananchi tangu 2018, na la madaktari, GMC, shahidi anapewa mtu wa kuongea nae kutoka shirika la nje la Victim Support. Simaanishi kule ni peponi, yeye mwenyewe anasema kesi zao zinavuta miaka.

Zile nyota mbili nimezikata kwa sababu ukishamaliza kuongea umemaliza na wao. Tunatoka Sengerema, siku hizi na daraja la Kigongo–Busisi hakuna kusubiri kivuko lakini nauli iko palepale, tiketi nilitunza kama nilivyoambiwa, hadi leo hakuna anayejua nazipeleka wapi. Matokeo je? Ofisi wanasema sio kazi yao kufuatilia. Shangazi kila Jumapili ananiuliza "yule binti walimfanyaje?" sina jibu.

Mkienda, nendeni kabla ya saa nne asubuhi, mama hua anatoka. Na tokeni na kopi kabisa kwenu, pale chini mashine imekufa.