Pure Data: mwaka mmoja na nyaya zinazodanganya macho

Nyota nne kati ya tano kwa Pure Data, programu ya kompyuta ya kutengeneza sauti na muziki. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya jambo moja tu, na hilo ndilo nitakaloling'ang'ania hapa, maana lilinila wiki nzima.

Mimi ni fundi wa sauti hapa Kampala. Mwisho wa wiki nafunga spika kwenye harusi na kwanjula, yaani sherehe za utambulisho kabla ya ndoa. Siku za kati najifunza amadinda kwa mzee mmoja wa upande wa Kibuye. Kwa asiyeijua, amadinda ni marimba ya Kiganda yenye mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo vya mgomba, na wapigaji wake ni watatu. Omunazi anaanzisha. Omwawuzi anaingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, moja hapa moja pale, mpaka msikilizaji anadhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, zile za juu kabisa, na anazigonga pale tu noti mbili za chini zinapojitokeza kwenye mchanganyiko wa wale wawili. Sehemu yake imejaa mapengo. Ukiwahi au ukichelewa pigo moja, kila mtu anasikia.

Sasa nani atakuja kufanya mazoezi na wewe saa nne za usiku, tena wawili? Nikaamua kutengeneza mashine.

Nikachagua Pure Data, ambayo watumiaji wanaiita Pd. Iliandikwa na Miller Puckette miaka ya 1990. Ndiye yule yule aliyeanzisha Max, programu ya aina hiyo hiyo, akiwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, miaka ya 1980. Max unainunua. Pd ni bure, msimbo wake uko wazi, na kwenye kompyuta yangu ya mtumba inafunguka kabla sijavuta kiti. Ukishaipakua, bando lako limepona: hata mwongozo uko humo humo. Bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua msaada, na unafunguliwa mfano unaofanya kazi, ambao unaruhusiwa kunakili vipande vyake. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota mbili.

Huandiki mistari ya msimbo. Unaweka visanduku na kuviunganisha kwa nyaya. Kisanduku cha metro kilikuwa saa yangu. Kikafuata kihesabu, halafu majedwali mawili kwa kila mpigaji: moja la noti, jingine la nguvu ya pigo. Pale omukoonezi anaponyamaza niliandika nguvu 0. Vyote viwili vinaingia kwenye kisanduku cha makenote, kinachounda noti, na kutoka hapo vinakwenda kwenye visanduku vya kutoa sauti. Hata upatanishaji wa noti haukunisumbua. Amadinda ina noti 5 katika oktava, zikiwa zimeachana takriban senti 240 (senti 100 ni nusu-toni moja ya piano), na Pd haikulazimishi kufuata piano: kisanduku cha mtof, kinachogeuza namba ya noti kuwa masafa ya sauti, kinakubali desimali, kwa hiyo ukianzia 60 unaandika 62.4, 64.8, na kuendelea.

Siku ya kwanza ilipiga vizuri. Nikafurahi, nikaanza kupanga nyaya zangu zipendeze. Waya mmoja ulikuwa unapita juu ya kisanduku, nikaukata, nikasogeza kisanduku, nikaurudisha pale pale. Kesho yake nikampelekea mzee kompyuta. Akasikiliza huku akitikisa kichwa, halafu akasema, "Kijana, huyu omukoonezi wako anachelewa."

"Mzee, kompyuta haichelewi."

"Sawa. Basi hii yako imejifunza."

Nilikagua majedwali, namba zote zilikuwa sahihi. Nikapunguza mwendo wa saa, bado. Nilikaribia kuifuta kazi nzima na kuanza upya. Nilichokuja kugundua ni hiki.

Katika Pd, ujumbe hautawanyiki pande zote kwa wakati mmoja. Ni kama kumtuma boda mmoja na mizigo miwili, mmoja wa Ntinda na mwingine wa Nansana. Anaufikisha wa Ntinda mpaka mlangoni, anarudi stejini, ndipo anaondoka na wa Nansana. Ujumbe ukiingia waya wa kwanza, unapita visanduku vyote vilivyo mbele yake mpaka mwisho, ndipo waya wa pili unaguswa. Na upi ni wa kwanza? Ule uliouunganisha mapema zaidi. Mahali waya ulipo kwenye skrini hapana maana yoyote. Ukiukata na kuurudisha, unakwenda nyuma ya foleni, na picha mbele yako inabaki vile vile kabisa.

Ongeza hapo jambo la pili. Visanduku vingi vya Pd vina tundu la moto upande wa kushoto, na mengine ni baridi. Kinachoingia tundu baridi kinahifadhiwa tu. Kinachoingia la moto ndicho kinachofanya kazi ianze. Kwa makenote, noti inaingia tundu la moto na nguvu inaingia tundu baridi. Ule waya niliourudisha ulikuwa wa nguvu. Kwa hiyo noti ikawa inatangulia, inapigwa kwa nguvu iliyobaki kutoka hatua iliyopita, kisha nguvu mpya inafika na kukaa ikisubiri. Omunazi na omwawuzi hawakuonyesha tofauti sana kwa sababu hawana mapengo. Omukoonezi akawa anagonga pigo moja nyuma. Mzee alisikia kwa dakika moja kitu ambacho mimi nilikitafuta siku sita.

Dawa yake ni kisanduku kinachoitwa trigger, ambacho unaweza kukifupisha kwa herufi t. Unaandika t f f, unaingiza namba ya hatua juu, na kinaitoa mara mbili, kulia kwanza, kushoto baadaye, siku zote. Tundu la kulia nikalipeleka kwenye nguvu, la kushoto kwenye noti. Kwisha. Ukitaka kuhakikisha, weka kisanduku cha print baada ya kila jedwali, ukipe kila kimoja jina lake, na usome kwenye dirisha la Pd kipi kimeandikwa kwanza. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, nisingetaniwa na mzee.

Mwongozo haujaficha haya, niseme ukweli. Yameandikwa. Lakini mtu anayeanza anaamini macho yake, na hapa macho hayasaidii. Max inatumia njia nyingine: waya ukigawanyika, kisanduku kilicho kulia zaidi ndicho kinachotangulia. Angalau unaona. Ila huko nako, ukisogeza kisanduku ili kupamba, umebadilisha mpangilio, kwa hiyo sioni kama ni afadhali sana. Trigger ipo kote kuwili, na siku hizi sigawanyi waya wa ujumbe kutoka tundu moja bila kuiweka, hata pale ninapojua haina athari. Nyaya za sauti, zile nene, hazina shida hii. Mbili zikiingia tundu moja zinajumlishwa tu.

Kuhusu send na receive, zinazopeleka ujumbe bila waya: wapokeaji wawili wenye jina moja, usitegemee nani atapata kwanza. Na kihesabu, kile cha f (kinachohifadhi namba) na + 1 (kinachoiongeza moja), hakikisha waya wa kurudi kwenye f unaingia tundu baridi. Mimi niliuingiza la moto, Pd ikazunguka hadi ikatapika kosa.

Mashine sasa inapiga sawa. Mzee ameikubali kwa mazoezi, ingawa sauti yenyewe bado ananilalamikia: anasema lusambya, mti wa kuchongea mbao za amadinda, haulii hivyo.