Tathmini: Tepu ya Chuma ya Mita 5, na Mambo Yake Ambayo Wengi Huyajua Wakiwa Wamechelewa

Watu wengi humiliki tepu ya kupimia kwa miaka mingi huku wakiamini kwamba kulabu ndogo iliyo mwanzoni mwa utepe imelegea kwa sababu ya uchakavu, au kwa sababu kiwandani haikukazwa vizuri. Wapo wanaoigonga kwa nyundo ili itulie, na wapo wanaoirudisha tepu mpya dukani wakidai kwamba ni mbovu. Kulabu hiyo imelegezwa makusudi, na bila kulegea huko chombo kizima kingepima kwa makosa. Tepu ninayoitathmini hapa ni ya kawaida kabisa: ina urefu wa mita 5, utepe wenye upana wa milimita 19, springi ya kujirudisha, kitufe cha kufungia na kibanio cha kuninginizia mkandani. Nimeichagua kwa ajili ya ukawaida huo, kwa sababu ni nadra kuona kifaa kidogo kilichobeba maarifa mengi kiasi hiki bila kumwambia mnunuzi hata neno moja.

Nianze na kulabu, kwa kuwa ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Unapoinasa kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, kipimo kinaanzia upande wa ndani wa kulabu. Unapoisukuma ukutani ili upime nafasi iliyo kati ya kuta mbili, kipimo kinaanzia upande wake wa nje. Tofauti ya pande hizo mbili ni unene wa bati la kulabu lenyewe, ambao kwa kawaida ni kama milimita 1, na kama kulabu ingekuwa imekazwa kabisa, mojawapo ya vipimo hivyo viwili ingekuwa na kosa la kiasi hicho kila mara. Kwa hiyo matundu ya ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoishikilia kulabu kwenye utepe, hutobolewa yakiwa marefu kidogo, ili kulabu iteleze kwa umbali ulio sawasawa na unene wake: ikivutwa inatoka, ikisukumwa inaingia, na sifuri inabaki mahali pake katika hali zote mbili.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa na mtu yeyote bila vifaa vya maabara. Nasa kulabu kwenye ubao ulionyooka na usome urefu wake. Kisha usimamishe ubao huohuo hadi uguse ukuta, ulaze utepe kando yake huku kulabu ikisukumwa ukutani, na usome tena. Katika tepu hii masomo hayo mawili yalilingana kadiri jicho linavyoweza kutofautisha, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ubora ambacho mnunuzi angepaswa kukifanya kabla hata ya kutazama rangi ya kasha. Tepu ambayo masomo yake yanapishana ina kulabu iliyopinda, au ina matundu ya ribiti yaliyopanuka kupita unene wa bati.

Kinachoyapanua matundu hayo mara nyingi ni tabia ya mtumiaji. Springi ya tepu hii ina nguvu nzuri, pengine nyingi kuliko inavyohitajika, na utepe ukiachiwa kutoka mita 3 au 4 hurudi kwa kasi hadi kulabu igonge mdomo wa kasha kwa kishindo. Sauti hiyo hufurahisha, lakini kila kishindo hula ribiti kidogo. Kidole kimoja kikiwekwa chini ya mdomo wa kasha kinatosha kuupunguza mwendo. Na pale ambapo kulabu imekwisha kuharibika, au pale ambapo kazi inadai usahihi usiotegemea kulabu hata kidogo, mafundi hawaanzii kwenye sifuri. Huweka alama ya sentimita 10 kwenye ukingo wa ubao, hupima, kisha huondoa sentimita 10 katika jibu. Ni njia bora sana, ilimradi fundi asizisahau hizo 10: akisahau kuziondoa, ubao hukatwa ukiwa mrefu na unaweza kukatwa tena, ila akisahau kuziongeza anapoweka alama ya kukatia, ubao hukatwa ukiwa mfupi, na mfupi haurefushwi.

Kulabu hiyohiyo ina tundu refu katikati, ambalo watu wengi hulichukulia kuwa pambo au njia ya kupunguza chuma. Tundu hilo ni la kunasa kichwa cha msumari au cha skrubu, ili anayepima peke yake asihitaji msaidizi wa kushika upande wa pili. Msumari ukiwa umekaa humo, na penseli ikishikwa kwenye urefu unaotakiwa, tepu inageuka kuwa bikari ya kuchorea duara kubwa ambalo bikari ya mkononi isingelifikia. Baadhi ya kulabu, ikiwemo hii, zina pia meno madogo kwenye ukingo wa chini, yanayoweza kukwaruza alama juu ya ubao pale penseli inapokosekana. Meno ya tepu hii ni butu mno. Juu ya mbao laini yanaacha mkwaruzo unaoonekana, juu ya mbao ngumu hayaachi kitu.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo sikuweza kuisamehe. Nyuma ya kasha, kwa herufi ndogo zilizochorwa ndani ya plastiki yenye rangi moja nazo, kumeandikwa milimita 70 pamoja na mshale wenye ncha mbili. Hiyo ni taarifa yenye manufaa makubwa kwa mtu anayepima ndani ya kabati, ndani ya fremu ya dirisha au kati ya kuta mbili: unasukuma kulabu upande mmoja, unaegemeza mgongo wa kasha upande wa pili, unasoma namba iliyo mdomoni, na unaongeza 70. Namna wengi wanavyofanya, yaani kuupinda utepe kwenye kona na kukisia namba iliyo ndani ya mkunjo, huleta makosa ya milimita kadhaa, na kwa mtu anayetengeneza droo milimita kadhaa ni nyingi. Mtengenezaji aliyejua kwamba urefu wa kasha unahitajika katika upimaji, hata akausawazisha hadi namba nzima inayojumlishika kwa urahisi, alikuwa na wajibu wa kuuandika kwa wino unaosomeka. Asiyeiamini namba hiyo anaweza kuweka alama kwenye mita 1 kutoka ukuta wa kwanza, kisha kupima kutoka ukuta wa pili hadi kwenye alama, na kujumlisha. Njia hiyo huzunguka kidogo, lakini haitegemei kasha wala kona.

Utepe wenyewe una historia inayoeleza umbo lake. Tarehe 14 Julai 1868, Alvin J. Fellows wa New Haven, huko Connecticut nchini Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya tepu ya springi yenye namna ya kuufungia utepe popote unapotakiwa kusimama, na kitufe cha kufungia katika tepu za leo ni mzao wa wazo hilo. Mbonyeo wa utepe, ambao ukiutazama kwa mbele unaonekana kama mfereji mwembamba, ulikuja baadaye: Hiram Farrand alipata hataza yake mwaka 1922. Kabla ya hapo utepe wa chuma ulikuwa bapa na ulilegea mara tu ulipotoka ndani ya kasha. Mbonyeo huo ndio unaouwezesha kusimama hewani bila kushikwa, na ndiyo sababu utepe unapaswa kunyooshwa huku upande wenye mfereji ukitazama juu; ukigeuzwa, hukunjika katikati mapema zaidi. Utepe huu wa milimita 19 ulifika takriban mita 1.5 ndipo ukakunjika, kiasi kinachotosha kupimia mlango kwa mtu mmoja lakini hakitoshi kufikia dari. Anayepima dari mara kwa mara atafute utepe mpana zaidi.

Karibu na mwanzo wa utepe, pembeni mwa maandishi ya urefu, kuna namba ya Kirumi, na hii nadhani ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Hiyo ni daraja la usahihi. Kwa kanuni zinazotumika katika Umoja wa Ulaya, ambazo viwanda vingi huzifuata, kosa linaloruhusiwa katika mita 5 ni milimita 0.6 kwa daraja la I, milimita 1.3 kwa daraja la II, na milimita 2.6 kwa daraja la III, pamoja na nyongeza ndogo pale kipimo kinapoanzia kwenye kulabu. Hii ni ya daraja la II, linalofaa kwa useremala wa kawaida. Tepu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kupishana maradufu katika kosa linaloruhusiwa, na tofauti hiyo yote imo katika kijistari kimoja cha wino. Kanuni hizo huchukulia kwamba joto ni nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hutanuka, na ongezeko la nyuzi 10 huurefusha utepe wa mita 5 kwa takriban milimita 0.6, sawa na kosa lote linaloruhusiwa kwa daraja la I. Kwa hiyo anayenunua tepu ya daraja hilo na kuiacha juani amelipia usahihi asioutumia.

Kwenye upande wa inchi kuna almasi ndogo nyeusi zinazorudiwa kila inchi 19.2, na namba zilizopakwa nyekundu kila inchi 16. Zote ni za kupangia mihimili: futi 8, ambazo ni urefu wa kawaida wa karatasi za mbao za vipimo vya inchi, hugawanyika mara 6 kwa inchi 16 na mara 5 kwa inchi 19.2. Anayefanya kazi kwa milimita peke yake hazihitaji, na zinamchafulia utepe.

Kimya hiki cha kutomweleza mtumiaji si cha tepu peke yake. Mshale mdogo ulio kando ya alama ya pampu kwenye dashibodi ya gari, unaoonyesha upande uliko mdomo wa tangi, ulipendekezwa na Jim Moylan mwaka 1986 alipokuwa Ford, na madereva wengi bado huinama dirishani kuutafuta mdomo huo. Tundu kwenye kifuniko cha kalamu ni la kupitisha hewa iwapo mtu atakimeza kikamkwama kooni. Tundu dogo chini ya kufuli hutoa maji na hupokea mafuta. Hata hivyo, kufuli hutimiza kazi yake kwa mtu asiyejua tundu hilo ni la nini, na kalamu huandika vilevile. Tepu ni tofauti: asiyeijua huipotosha, na huendelea kuyaamini majibu yake. Kwa sababu hiyo naihukumu kwa ukali zaidi.

Kwa ujenzi wake naipa alama nzuri. Kulabu inateleza ipasavyo, kifungio hakikuteleza hata utepe uliponing'inia wima, wino umefunikwa kwa nailoni inayostahimili msuguano wa kila siku, na kibanio ni imara japokuwa hukwaruza mkanda wa ngozi. Kwa maelezo yake naipa alama ya chini kabisa. Kadi iliyokuja nayo ina picha ya mtu anayetabasamu na onyo la kuilinda mikono, bila sentensi moja juu ya kulabu, urefu wa kasha au daraja, ilhali nafasi tupu iliyobaki kwenye kadi hiyo ingetosha kuyaeleza yote matatu.

Inamfaa anayefanya matengenezo ya nyumbani, seremala wa samani, na mtu anayepima chumba kabla ya kununua kabati. Haimfai mshonaji, kwa kuwa utepe wa chuma haufuati mwili, wala anayepima kiwanja, ambaye anahitaji tepu ndefu ya mita 30 au zaidi. Atakayeinunua aikague kulabu kwa jaribio la ukuta akiwa bado dukani, na akikuta imekazwa isicheze kabisa, achukue nyingine.