Kusanifu bodi ya ndege au kusanifu injini yake

Mhandisi anayesanifu kwa kompyuta katika sekta ya ndege huweza kuelekea kwenye bodi na mabawa, au kwenye injini. Upande wa bodi umetawaliwa na CATIA, programu ya kuchora kwa kompyuta, ambayo Boeing waliitumia kusanifu 777, ndege ya kwanza ya abiria kuchorwa yote kwa kompyuta, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1994. Mbavu za kiunzi cha ndege, mabano ya kushikilia vipande, mabomba na nyaya hugombea nafasi ile ile, kwa hiyo mchoro wa mtu mmoja hauna thamani usipoafikiana na ya wenzake. Airbus walilijua hilo kwa gharama kubwa katika ndege yao ya A380: wahandisi wao wa Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la zamani la CATIA ilhali wa Toulouse, Ufaransa, walitumia jipya, na nyaya zilipofika kuunganishwa zikaonekana fupi, ndege zikachelewa kukabidhiwa kwa wateja.

Katika injini, ambako watengenezaji injini Rolls-Royce hutumia programu nyingine ya kusanifia, NX, kipande ni kidogo lakini kina mengi ndani yake. Panga la tabini, yaani bamba linalozungushwa na gesi moto ndani ya injini, hupitiwa na gesi yenye joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka cha metali yake, hivyo msanifu huchora ndani yake njia nyembamba za hewa ya kupoza, akishauriana daima na wataalamu wa joto na wa metali.

Binafsi ningemshauri kijana anayependa fizikia achague injini, ingawa waajiri wake ni wachache zaidi. Bodi inamfaa anayefurahia kupatanisha kazi za watu wengi.