Nimetafuta rivolva ya baruti ya mtumba miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Mbukwenyi wakuu. Naandika rivyuu ya kitu ambacho hata sijakinunua mtanisamehe, ila nimehangaika nacho tangu mavuno mpaka juzi na nauli zimeniishia.

Huu ugonjwa niliupata Texas nilikokuwa naendesha maroli. Jamaa niliyekuwa napiga naye kazi alikuwa na Remington ile wanayoiita ya 1858, siyo orijino, ni kopi ya Pietta ya Italia, kainunua mtumba dola 220 na ikaletwa kwa posta mpaka mlangoni kama viatu, maana sheria yao ya shirikisho hizi za kushindilia baruti haizihesabu na silaha zingine. (Na hiyo 1858 ni mwaka wa hataza tu uliogongwa kwenye mtutu, zenyewe zilitoka kiwandani miaka ya 1860.) Akanipa nipige. Unamimina baruti kwenye tundu la silinda, unaweka goroli ya madini ya risasi juu, halafu unashusha wenzo ulio chini ya mtutu uishindilie. Goroli imezidi tundu kidogo makusudi, kwa hiyo ikiingia inanyolewa, kinabaki kipete chembamba cha risasi kinang'aa kama hereni ya mtoto, na kikiwa kimezunguka kamili ujue tundu limeziba vizuri. Unapaka mafuta mazito, ukimaliza yote sita ndo unavisha fataki kwa nyuma, vile vikofia vidogo vya shaba vya kuwashia baruti. Hapo dakika kumi zimeenda na hujapiga hata moja! Ukivuta traiga sasa, moshi mweupe kibao, mbele huoni kitu, harufu ya mayai viza, mikono imekuwa ya muuza mkaa. Na jioni lazima uifungue yote uioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukilala tu asubuhi unakuta kutu. Nikaipenda hivyo hivyo na usumbufu wake.

Nimerudi Dodoma, shotgani ninayo kihalali kwa ajili ya shamba la Kongwa, ngedere na nguruwe wanajua, nikajiaminisha kwamba mwenye leseni hawezi kushindwa kuongeza kidude cha kizamani. Nikamuuliza mtu mmoja maeneo ya Majengo, naye akampigia dalali, dalali akanipigia usiku. "Bosi mzigo upo, wa Mjerumani kabisa, umetoka kwa mzee mmoja Kondoa." Nikamwambia mimi bila karatasi siigusi, akasema karatasi zipo, bei laki tatu na nusu.

Tukakutana kwa mama ntilie, kitu kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Kukifungua roho ikapoa. Mtutu umezibwa kwa chuma kuanzia kiwandani, matundu ya silinda madogo hata punje ya mahindi haiingii. Ni bastola ya kuanzishia mbio jamani, zile za michezo ya shule, UMISSETA! Namwambia shemeji hii ni ya refa, ananijibu "si inalia paa?" Na hizo karatasi zilikuwa risiti moja ya duka la vifaa vya michezo. Nikalipa chai ya watu wawili nikaondoka. Na hata ingekuwa ya kweli nisingeichukua kwa mtindo ule, silaha ya kwenye kanga ni kujipeleka gereza la Isanga kwa miguu yako.

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya chapati za yule mama.

Nikaona isiwe tabu, nikapanda SGR ya asubuhi mpaka Dar kwenye duka la silaha lenye leseni. Hapa ndo penye rivyuu yenyewe. Nilimkuta mzee wa Kinyamwezi, mpole, kanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, fataki utatoa wapi?" Binti wa kaunta akashindwa kujizuia, maana mtaani fataki mnamjua ni nani, mtu mzima anayewinda mabinti wadogo. Lakini mzee alikuwa siriasi. Vile vikofia vya shaba ukipiga sita vimeisha, hapa hakuna anayevileta, na baruti ina sheria yake na vibali vyake, ni mambo ya watu wa migodi, hauendi kupimiwa robo kama sukari. Leseni ndo usiseme. Akaniambia ile ya shotgani ni ya shotgani, bastola naomba upya, naanzia serikali ya mtaa kama kila mtu, sheria ya 2015 haina habari kama ni ya babu yako au ya jana.

Halafu bila kuombwa akatoa rivolva ya kawaida, tupu, akanifundisha kukagua mtumba. Vuta nyundo taratibu huku unasikiliza, silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, na ikishajifunga isichezecheze ukiitikisa. Nikamwambia kwa zile za baruti jamaa wa Texas alikuwa anaanza na vichuchu vinavyovishwa fataki, vikiwa vimelika fataki inakaa kilegelege na moto unaweza kurukia tundu la jirani zikafyatuka mbili kwa mpigo. Mzee akafurahi, akasema baruti haina rafiki, hata mtemi wetu Isike mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi pale Tabora aliiwasha ghala ya baruti ajilipue nayo. Stori ikanoga, kahawa ikaja, treni ya mchana ikaniacha.

Hakuniuzia hata kitambaa cha kufutia. Angetaka kunila hela ya "kuagiza" angeila kiulaini, nilikuwa nayo mfukoni na kichwa kimeshalewa. Duka nyota tano, ingawa kiti cha wageni kina mguu mmoja mbovu. Rivolva ya baruti kwa mtu wa Dodoma nyota mbili, maana bei yake hata ikiwa ndogo utabaki na chuma cha kuonyesha wageni, na hata hicho kinahitaji leseni.

Dalali kanipigia tena jana jioni. "Bosi, safari hii ni ya kweli kabisa, tatizo dogo tu, haina silinda."