Mashine ya kukodi ya kupiga msasa sakafu: nyota tatu, na bonde moja

Nianze na bonde. Liko sebuleni, hatua mbili kutoka mlangoni, urefu wa kiganja, na ukipita na soksi unyayo unalijua kabla ya jicho. Nililichimba mwenyewe kwa sekunde zisizozidi tatu, shemeji aliponiita nikageuka kumjibu huku silinda yake iliyovikwa msasa ikizunguka. Mashine hii ikisimama mahali pamoja, inakula. Inabidi uwe unatembea ndipo uishushe, na uiinue kabla hujasimama. Nilielezwa hayo dukani. Nikaitikia.

Kwa kukwangua, siwezi kuisema vibaya. Vanishi ya zamani ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni, lakini kwa msasa namba 36 mbao safi zilionekana kabla ya adhuhuri. Misumari nilikwisha kuizamisha yote kwa nyundo jana yake, maana mmoja tu ukichomoza unachana msasa mzima. Baada ya 36, ambao ni wa chembe kubwa, ni 60, halafu 80 ulio laini zaidi. Chumba cha pili nilijitia ujanja, nikatoka 36 nikaenda moja kwa moja 80. Mbao zikawa laini mkononi, nikajipongeza. Nilipopaka rangi, mikwaruzo ya 36 ikainywa kuliko mbao nyingine, ikatokea mistari kama ya daftari. Chumba kizima nikakirudia.

Niliyopewa mimi ilikuwa na hitilafu yake: msasa ulilegea upande mmoja na mfuko wa vumbi ulikuwa na tundu. Nilipowapigia wakasema ndivyo ilivyo siku zote, kana kwamba hilo ni jibu. Iwasheni palepale kabla ya kuibeba. Tuliipandisha ngazi watu wawili, tukapumzika katikati, kuirudisha usingenishawishi.

Ile mashine ndogo ya kupigia msasa pembeni ya ukuta ndiyo iliyonimaliza mgongo. Unainama nayo saa nzima, na inaacha viduara ambavyo mchana huvioni. Usiku nililaza tochi sakafuni, mwanga ukatambaa juu ya mbao, vikajitokeza vyote. Nikavifuta kwa msasa wa mkono, nikifuata nyuzi za mbao. Kwenye kona haifiki kabisa. Huko ni kukwangua kwa chuma chenye makali.

Rangi ijaribuni mahali pa kufichika, kwa sababu iliyo mkebeni si itakayokuwa kwenye mbao. Yangu iliitwa kahawia, ikatoka nyekundu. Pia msilainishe kupita kiasi: mbao ikishateleza kama kioo hainywi rangi vizuri. Mimi niliishia 80, nikapitisha kitambaa chenye unyevu, nikaacha ikauke kabisa ili nyuzi zifunguke, ndipo nikapaka na kufuta ya ziada kabla haijaganda.

Vanishi nilichagua ya mafuta. Ya maji hukauka kwa saa chache na haibadilishi sana rangi ya mbao, lakini mimi niliitaka ile rangi ya asali. Malipo yake ni harufu, na kulala kwa jirani. Nilipiga mikono mitatu, kila mmoja ukilala usiku kucha, na katikati nikagusa kwa msasa laini na kufuta vumbi. Mkono wa pili ulinasa unywele wangu. Bado upo, karibu na dirisha.

Jambo moja sitanii nalo: vitambaa vilivyolowa rangi au vanishi ya mafuta msivirundike. Hupata joto vyenyewe hadi vikawaka. Mimi nilivitandaza nje kimoja kimoja vikauke. Na mfuko wa vumbi niliumwaga nje kila jioni, kwani vumbi lenye vanishi nalo linaweza kuwaka likilala humo.

Kama vanishi yenu ni nene na mna mkono mtulivu, kodini hii ya silinda. Mimi safari ijayo nitachukua ile ya bamba, inayotikisika badala ya kuviringika. Ni ya polepole, lakini haichimbi shimo kwa sababu mtu kaitwa.

Bonde tulipanga kulifunika kwa zulia, ila vanishi ya mafuta hutakiwa kuachwa kama mwezi ikomae kabla ya kufunikwa. Kwa mwezi mzima shemeji amekuwa akiwapokea wageni mlangoni na kuwaambia wavue viatu, walikanyage wenyewe.